Bendera ya Kiroboto

Bruxelles, Saint-Josse
9 Machi 2025

Mdogo wangu Régine,

Naomba radhi kwa kukaa kimya tangu Noeli. Kimya cha miezi miwili na nusu hakina udhuru, na mimi niliyewafundisha watoto wa watu kwa miaka thelathini na mmoja kwamba barua hujibiwa ndani ya juma moja sina haki ya kuutafuta. Nisamehe, tuendelee.

Hapa hatujambo. Mjukuu wangu Anaïs bado anafanya kazi hospitalini kule Jette. Hutoka kabla sijanywa chai, na akirudi huvua viatu tangu kwenye ngazi. Mwanangu Guylain amepiga simu kutoka Kanada: amepata mtoto wa pili, wa kiume, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Binti yangu Inès yuko Lyon. Haandiki, ila hutuma picha za vyakula anavyopika, nami nimeamua kuzihesabu kuwa barua.

Ulisema tuzungumze kwa simu. Simu ni ya kuulizana kama mtu amekula. Mambo yenye uzito huandikwa, na ndugu Bienfait wa parokia yetu, anayekuja huko na vipuri vyake vya magari, hajawahi kukataa bahasha yangu.

Sasa nikueleze kilichonishughulisha. Chini ya nyumba tunayopanga kuna duka la Ilyas, anayeuza vitu vya zamani: taa, fremu, saa zilizokufa. Mwezi wa Januari alinunua vitu vya marehemu mmoja, na kati yavyo palikuwa na mfano wa merikebu ndani ya sanduku la kioo. Matanga yameoza, kamba zimekatika zote. Akaniambia, "Papa Mwenze, wewe ulikuwa mwalimu, una subira. Nitengenezee." Nikamjibu kwamba subira yangu iliisha pamoja na darasa langu la mwisho. Akacheka, akalipandisha sanduku ghorofani mwenyewe.

Merikebu hiyo ni skuna: ndogo, nyembamba, yenye milingoti miwili iliyolala nyuma kidogo kama mtu anayekimbia. Skuna za namna hii zilitumwa na majeshi ya bahari, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, kuwinda na kuteka merikebu za adui zilizokuwa kubwa kuliko zenyewe. Chini ya mfano huo palikuwa na daftari, nakala ya maandishi ya luteni mmoja Mfaransa aliyesafiri ndani ya skuna yenyewe katika visiwa vya Amerika. Ukurasa wa kwanza umechanika, kwa hiyo jina la luteni silijui. Jina la skuna ninalo: La Puce. Kiroboto.

Nafunga kamba zake kwa uzi wa kushonea, fundo moja baada ya jingine. Kazi hii haihitaji macho sana, vidole vinatosha. Jioni, taa za barabarani zikiwaka, kila moja huwa na duara la rangi kuizunguka, kama mwezi unaotangaza mvua, na mabasi hutokea humo polepole yakiwa yamejaa watu kimya. Huwa nasimama dirishani nikiyatazama yanavyotia nanga.

Kuhusu lile uliloniuliza wakati wa Noeli, nitakujibu.

Ndugu yako mkubwa,
Désiré Mwenze


Lubumbashi, Katuba
Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Yaya Désiré, kaka yangu,

Pasaka njema. Bienfait ameleta bahasha yako Jumatano, pamoja na sabuni na chokoleti. Mulikuwa na sabuni moja iliyopasuka. Tumekula chokoleti hivyo hivyo. Watoto wanasema chokoleti ya Ulaya inanukia usafi.

Mimi mzima. Goti linanisumbua asubuhi, mchana linasahau. Priscille amepangiwa zamu za mchana kwenye zahanati, kwa hiyo binti yangu huyo sasa namwona uso. Umeme unakuja unapotaka. Mlimao wa baba umezaa mpaka tawi moja limevunjika.

Bon. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta jibu langu. Nilikuuliza hivi: unarudi, ama hurudi? Muntu anauliza ndege, wewe unamletea merikebu! Tena merikebu ya kiroboto. Nimewasomea kina mama wa kwaya, wamecheka mpaka mama mchungaji akatoka nje kutazama.

Lakini mimi sicheki, Yaya. Nina miaka sitini na nane. Katika tumbo la mama tumebaki wawili. Nataka tuzeeke kwenye baraza moja, tugombane kwa sauti na siyo kwa mizigo ya Bienfait. Njoo kabla kiangazi hakijaisha. Chumba chako kipo. Sanduku la marehemu mkeo Mbombo lipo palepale ulipoliweka ulipomaliza kumlilia, na ufunguo ninao mimi. Hakuna mkono uliolifungua.

Kitu kingine. Mistari yako inapanda mlima. Inaanza chini, inamalizikia juu. Wewe, uliyenipiga rula darasani mbele ya wenzangu kwa mstari mmoja uliopinda! Unaandikia ndani ya basi?

Mdogo wako,
Régine


Bruxelles, Saint-Josse
1 Juni 2025

Mdogo wangu Régine,

Nimepokea barua yako kwa furaha, na salamu zako nimezifikisha. Anaïs ameuliza kama bibi yake wa Katuba bado anaimba sauti ya pili; nimemwambia kwamba unaimba sauti unayotaka. Mtoto wa Guylain amebatizwa. Mistari yangu inapanda kwa sababu meza ya hapa imeinama. Nami nina swali: umeandika kwamba watoto walikula chokoleti. Watoto gani? Priscille hajazaa.

Jumapili Anaïs hunipeleka kwenye uwanja wa Flagey. Tunapita katikati ya soko, kisha tunakaa kwenye benchi kando ya maziwa mawili yaliyo hapo karibu. Ukungu wa mwaka huu ni wa ajabu, umefika mpaka Juni. Anaïs anasema hakuna ukungu wowote. Vijana hawatazami. Mimi huona maji meupe, miti imefutika pembeni, na katikati kijia kimoja chembamba chenye mwanga, kama mtu anayechungulia kwa darubini. Ukikitazama kijia hicho bila kupepesa, mwishowe Kiroboto hupita humo, kimya, kati ya mabata.

Nikueleze ilivyofanya kazi. Ilikuwa na mizinga sita midogo na watu arobaini na wawili. Haikuweza kumkabili mtu uso kwa uso. Ilikuwa na wepesi, na hila moja ambayo desturi ya vita vya bahari iliiruhusu: kupandisha bendera ya adui na kumsogelea kama rafiki. Luteni anasimulia kwamba mabaharia wa merikebu moja ya Waingereza waliwapungia kofia, na mpishi wao akainua sufuria kuwaonyesha kwamba chakula kiko tayari. Lakini desturi hiyohiyo iliweka mpaka. Kabla ya mzinga wa kwanza kulia, ilikuwa lazima bendera ya uongo ishushwe na ya kweli ipandishwe. Aliyepiga chini ya bendera ya uongo hakuwa askari tena, alikuwa jambazi. Kati ya kushusha na kupandisha, anasema, mlingoti ulikuwa mtupu kwa pumzi tatu au nne, na katika pumzi hizo hakuna aliyesema neno, huku wala kule. Hata sufuria ilibaki juu.

Merikebu iliyotekwa haikuwa mali ya aliyeiteka. Ilipelekwa bandarini ili mahakama iamue, na mpaka siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kufungua mzigo wake. Basi nahodha wa Kiroboto alimtuma luteni na watu watano waisimamie ile ya Waingereza, iliyokuwa kubwa mara tatu ya yao. Katika chumba cha nahodha Mwingereza luteni akamkuta mke wa nahodha huyo na watoto watatu, na nguo zao zimeanikwa kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Hakuwatoa. Alilala nje sitahani siku tisa, mvua ikimnyeshea.

Nimemlaumu kwa penseli pembeni mwa ukurasa. Aliyekabidhiwa merikebu amekabidhiwa na chumba chake. Huruma isiyo na utaratibu huwaacha watu bila kujua nani mwenye amri. Nawe unaujua msimamo wangu kuhusu vyumba: chumba cha mtu hakikaliwi na mwingine.

Kuhusu kurudi kwangu, nimekuandikia jibu kamili kwenye karatasi ya pili. Isome ukiwa umekaa.


Bruxelles, Saint-Josse
27 Julai 2025

Régine,

Namkabidhi mistari hii Jémima, binti wa parokia anayeruka kesho. Sijapata neno kutoka kwako tangu Juni. Ikiwa jibu langu limekuudhi, niambie kwamba limekuudhi. Hasira iliyoandikwa vizuri naipokea. Bienfait naye hapatikani.

Sisi wazima. Kamba zote za mlingoti wa mbele nimezimaliza. Nyumbani tumekuwa na msukosuko mdogo: kuna karatasi moja ya ofisi niliyoihitaji na haionekani. Anaïs amepindua magodoro. Anasema nimeitupa. Mimi situpi karatasi.

Mwenze


Lubumbashi, Katuba
24 Agosti 2025

Yaya wangu,

Jémima amefika na mistari yako kabla ya barua yenyewe. Bienfait alikaa Kinshasa wiki saba, vipuri vyake vimezuiwa, na wewe ukiwa ndani ya begi lake katikati ya soksi. Bahasha nimeipata tarehe 12. Tangu siku hiyo nimeanza barua hii mara nne.

Hatujambo. Goti ni lilelile. Mlimao tumeuwekea nguzo.

Yaya, karatasi ya pili haikuwamo.

Nilifungua nikiwa nimekaa, kama ulivyoamuru. Nikasoma kiroboto, nikasoma luteni, nikageuza. Karatasi ya pili ilikuwa ya hospitali ya kule Jette, yenye jina lako na tarehe yako ya kuzaliwa. Kifaransa cha madaktari sikiwezi. Nikampa Priscille. Alisoma, akaniambia, "Maman, nikutafsirie ama nimpigie Anaïs kwanza?" Nikasema tafsiri.

Donc, basi, najua. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto limebakiwa na tundu dogo katikati, na wanangoja sahihi yako walipasue.

Nina maneno ya kukupiga nayo, na ni makali. Lakini umenifundisha sheria: muntu asipige kabla ya kupandisha bendera yake. Bon, naanza na yangu.

Chumba chako si kitupu. Tangu mwezi wa pili wanakaa humo Précieuse na watoto watatu. Wametoka Goma wakati wa vita, wamefika kwetu baada ya kupita nchi za watu, yeye akiwa na kitenge alichovaa na mutoto mgongoni. Mama yake tuliimba naye kwaya moja zamani. Nilisema wiki mbili. Sasa ni miezi sita. Wanne wanalala kwenye kitanda chako, na ndio waliokula chokoleti. Sanduku la Mbombo limesimama pembeni, wanaliwekea taa juu, lakini kulifungua, hapana. Nilitaka kukuambia Pasaka, nikaogopa. Ulipouliza watoto gani, nilikuwa nimeshika kalamu nikuambie. Halafu nikasoma ulivyomlaumu yule luteni aliyelala kwenye mvua. Kalamu nikaiweka chini siku tatu.

Hiyo ndiyo bendera yangu. Sasa napiga.

Meza imeinama! Ukungu umefika mpaka Juni! Yaya, mimi si mtoto wa darasa la tatu. Ulinipa taa zenye duara, mabasi yanayotia nanga, nami nikasoma nikisema, kaka yangu siku hizi ameandika vizuri, amelainika. Nililia kwa uzuri wake. Kumbe ulikuwa unanieleza unavyopofuka, na hukutaka nijue kwamba umenieleza.

Sasa nikuombe nini? Nikisema njoo, pengine nakunyang'anya jicho. Nikisema baki, pengine huoni tena uso wangu, hata huu uliozeeka. Basi sikuombi kitu. Niambie ukweli tu, na uniambie ile karatasi nyingine ilisema nini.

Mdogo wako,
Régine


Bruxelles, Saint-Josse
28 Septemba 2025

Mdogo wangu Régine,

Barua yako nimesomewa na Anaïs. Ningeweza kuisoma mwenyewe, neno moja kwa wakati mmoja, lakini nilitaka kuisikia. Alipofika penye meza iliyoinama alicheka, kisha akalia, kisha akaenda kunipikia fufu ya mahindi ambayo sikuiomba. Guylain amejulishwa, amepiga simu mara tatu kwa siku mpaka nimemwomba apunguze. Inès amekuja kutoka Lyon kwa treni, amekaa siku mbili, ameosha mapazia. Hiyo ndiyo habari ya nyumbani.

Umepiga vizuri. Sina la kujitetea.

Ile karatasi ya pili ya kweli nimeipata. Ilikuwa chini ya sanduku la kioo. Siku ile zote mbili zilikuwa mezani, ukubwa mmoja, zimekunjwa namna moja, nami nikazitambua kwa kuzipapasa. Nikaitia iliyokuwa karibu. Umeuliza ilisema nini. Ilisema kwamba Anaïs bado ananihitaji, kwamba parokia imenipa darasa la watoto wa katekisimu, kwamba nitakuja mwaka ujao Mungu akipenda. Hakuna sentensi moja humo iliyokuwa kweli. Imeandikwa vizuri sana, hati yake imenyooka. Niliinakili mara mbili kwa kutumia rula. Bendera ya uongo ilibaki hapa mezani, na ya kweli ikapanda yenyewe bila mimi kuvuta kamba. Nimekaa na jambo hilo siku kadhaa.

Basi, ukweli. Ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi. Wakilipasua jicho la kushoto, wanaweza kukilinda hicho kijia cha mwanga kwa miaka. Lakini kwa jicho lililofika lilipofika langu, hutokea mara chache upasuaji wenyewe ukakizima siku hiyohiyo. Na ukifaulu, nitapaswa kuonwa na daktari kila wakati kwa mwaka mzima, hakuna safari. Nikija sasa, nitakuona wewe, nitaona mlimao na nguzo yake, kisha nitaendelea kutia dawa za matone huku kijia kikijifunga taratibu mbele yako. Daktari, mwanamke kijana anayezungumza polepole, hakunikataza kuondoka. Alisema tu kwamba jicho halitangoja sana. Fomu ya kukubali upasuaji inatakiwa kabla ya katikati ya Oktoba. Wamenipa nyingine, kwa kuwa ile ya kwanza ilikwenda kulala Kinshasa kati ya soksi.

Kuhusu chumba. Nimemwomba Anaïs afute kwa kifutio nilichokiandika pembeni mwa ukurasa wa luteni. Penseli imetoka, alama ya mkandamizo imebaki. Naigusa kwa kidole. Précieuse asihame. Nikija kesho au nikija miaka mitatu baadaye, nitalala sebuleni, ambako mvua hainyeshi, kwa hiyo sitakuwa nimemfikia luteni. Nawe chukua ufunguo, ufungue sanduku la Mbombo. Usiningoje. Mna vitenge kumi na viwili, baadhi havijawahi kukatwa. Mpe Précieuse achague wa kwanza. Chini yake kuna atlasi yangu ya shule. Wape watoto, lakini wasizikunje kurasa zake.

Jana Ilyas alipanda kuja kuitazama merikebu. Kamba zote ziko mahali pake, matanga Anaïs ameyashona kwa shuka kuukuu. Ilyas aliizunguka, kisha akasema, "Papa, umeitengeneza bila kuona?" Nikasema, "Niliona kidogo." Akasema, "Na bendera? Mteja atauliza bendera." Nikamwambia angoje. Akakuna kichwa. "Merikebu nzuri hivi, haina nchi?" Nikamwambia ina nchi, ila kwa sasa iko katika zile pumzi tatu.

Leo asubuhi tulikwenda tena Flagey. Sikumuuliza Anaïs kama kuna ukungu. Maji yalikuwa meupe, na kijia changu kilikuwa palepale, chembamba, kinang'aa. Kiroboto ilipita. Mwishoni mwa daftari luteni anasema kwamba kila walipoteka merikebu walituma watu wao kuisimamia, na baada ya ile ya tatu wakabaki kumi na saba. Ya nne ilipita karibu nao mchana kweupe, wakaitazama tu, kwa kuwa hapakuwa na mikono ya kuvuta kamba. Niliwahesabu watu wangu pale kwenye benchi: Kanada, Lyon, Jette, Katuba. Si wachache kama nilivyokuwa nikijiambia. Wewe peke yako ni mizinga sita.

Fomu iko mezani, kando ya skuna. Sijaitia sahihi wala sijaichana. Jambo hili ni langu kuliamua, na umenifanyia wema kwa kutoniomba kitu. Siku nitakapokuwa nimeamua, nitakuandikia siku hiyohiyo, kwa mkono wangu, na mistari ipande inavyotaka. Nitazipapasa karatasi zote mbili kabla ya kuifunga bahasha, kisha nitamwita Anaïs azisome kwa sauti, ili nijue zilizomo ndizo.

Ndugu yako mkubwa,
Désiré